Saa ya Kulala ya Mji wa Bahari

Kule anakokaa Fidélie, upande wa kusini wa Italia, jua likifika katikati ya mbingu mji mzima unalala. Si wagonjwa, wala hawakukesha. Ni desturi yao. Muuza mikate anashusha mlango wake wa chuma, fundi viatu anashusha wake, madirisha ya mbao yanafungwa moja nyuma ya lingine, na barabarani wanabaki paka tu, wamejinyoosha kivulini kama nguo zilizoanguka toka kwenye kamba. Ukisimama pale unasikia kijiko cha mtu kikigonga kikombe, nyumba ya tatu toka kwako. Halafu nacho kinanyamaza.

Mbombo, mama yake Fidélie, alitoka kwetu Likasi kwenda kuona mjukuu. Mtoto, Didier, alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama mkate wa asubuhi, na bibi alimweka kifuani mpaka akaota mashavu. Mwanzoni mji ule ulimfurahisha. Alimwelezea mume wake kwenye simu:

"Isidore, huku bantu habakimbie. Hata imbwa haikimbie."

"Sasa banafanya nini siku muzima?"

"Banakunywa kahawa mu kikombe kadogo kama ka dawa, banaangaria maji, banaenda kulala."

"Eh! Usizoee, Mbombo. Huku bukari inanishinda. Marlène anasonga kama anachanganya simenti ya kujenga nyumba."

Nyuma yake Marlène, mjukuu wao mkubwa aliyebaki kumtunza, alipiga kelele: "Kaku Isidore anadanganya! Jana alimaliza sahani mbili!" Na Isidore akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kama ilivyokuwa tangu aache kazi ya kiwandani. Kifua chake kilijaa moshi wa miaka mingi, na moshi ule haukuwa na nia ya kutoka.

Kwa sababu mtoto alikuwa bado dhaifu, Fidélie na bwana yake Placide walimwomba avoka mmoja, mwanasheria wa mji ule, amtafutie Mbombo ruhusa ya kukaa zaidi kidogo. Avoka, mtu mnene mwenye sauti laini, alichukua pasipoti, akaitia kwenye tiroir, droo ya meza yake, akazungusha ufunguo, akaurudisha kiunoni penye funguo zingine. Alimpiga Mbombo bega kidogo. "Calma, nonna," akasema. Tulia, bibi.

Halafu mwezi wa nane ukaingia, na Georges akapiga simu.

Georges ni mdogo wake Isidore. Hana maneno mengi.

"Mama Fidélie, yambo. Uko peke yako?"

"Niko na mutoto ku mugongo. Kuko nini, shemeji?"

"Baba Fidélie iko mugonjwa. Anakuita. Kuya."

"Munipe ye, tuzungumuze."

"Iko analala. Utamukuta. Kuya tu, usikawie."

Kila mtu wa kwetu anajua maneno hayo yamevaa nini ndani. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Ukimwambia mtu akiwa mbali, ataanguka barabarani, nani atamwokota? Kwa hiyo unamwambia: fulani ni mgonjwa, kuya, njoo. Naye anakuja, na anapokata kona ya avenue yake anaona bache, turubai ya matanga, imetandwa mbele ya nyumba, wanawake wamekaa chini, na hapo miguu yake inamwambia yote. Mbombo mwenyewe aliwahi kumwita hivyo wifi yake toka Kolwezi. Alisema "mugonjwa kidogo", na sauti yake haikutetemeka.

Fidélie aliporudi kutoka hoteli anakotandika vitanda, mama yake alimwambia yale maneno neno kwa neno, hata lile la "uko peke yako". Fidélie alikaa chini polepole. Alisema tu, "Basi tutafute pasipoti, mama." Lakini baadaye, Mbombo akiwa anaogesha mtoto, aliwasikia Fidélie na Placide kwenye jiko.

"Baba alishakufa, Placide. Unajua vile shiye tunasemaka."

"Ninajua. 'Iko analala.' Hata kwa baba yangu balisema vile."

"Basi hakuna tena haraka. Maiti itangojea mama. Sitavunja mulango ya avoka, banifukuze ku kazi, na baba haiko tena."

Mbombo aliendelea kumwagia mtoto maji mgongoni. Mikono yake ilijua kazi. Moyo ulikuwa umetoka nje. Alijiuliza: na kama bado yuko hai? Maiti inangoja, ndiyo. Lakini mgonjwa anayekuita hangoji. Na kama yuko hai, yeye Mbombo hawezi kumlilia, kwa sababu kumlilia mtu mwenye roho ni kumsukuma kaburini kwa mikono yako. Kwa hiyo hakulia. Alimfunga mtoto nepi, akamvalisha soksi, ingawa kulikuwa na joto.

Ofisi ya avoka ilikuwa imefungwa. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye jua limechorwa, jua lenye macho na meno, linacheka.

"Ni Asomption, mama," Fidélie akasema. "Huku kila kintu kinafungwa mpaka feti ya kanisa ipite na siku zenye kufuata."

"Hata shiye tuko na Asomption. Tunaenda misa, tunarudi, tunafanya kazi."

"Benyewe banaenda ku bahari."

"Na simu ya avoka?"

"Hajibu, mama. Vumilia."

Aliambiwa avumilie yeye, ambaye alilea watoto saba kwenye nyumba ya vyumba viwili pale mtaa wa Panda, na mwezi ambao mshahara haukuja alipika lenga-lenga mpaka watoto wakasema midomo yao imekuwa majani. Kuvumilia alikujua. Lakini siku zile kila asubuhi alikwenda kulitazama lile jua lenye meno, na kila asubuhi lilimcheka. Alipiga simu Likasi. Georges alimjibu yale yale: analala, kuya. Wafungwa wa gereza la Buluo, alisema moyoni, wanajua siku yao ya kutoka, na mlinzi wao anabaki macho. Mlinzi wangu mimi amelala.

Placide ndiye aliyemwonea huruma. Anaosha vyombo kwenye mkahawa wa ufukweni, na kule kila familia ya mji ina mwavuli wake, mahali pake pale pale, mwaka hata mwaka, kama benchi ya kanisani.

"Mama mukwe, ule avoka iko na mwavuli yake. Mustari wa mbele, ya bulu na nyeupe. Lakini usiende saa hii, beko banalala."

Mbombo hakungoja. Alimfunga Didier mgongoni, akajifunga kikwembe juu ya kikwembe, akavaa kitambaa cha kichwa kama mtu anayekwenda misa, akashuka.

Hakuwa amekanyaga mchanga ule hata mara moja. Ulikuwa moto, unapita kando ya ndala na kuuma vidole. Pande zote watu wamelala karibu uchi, wazee kwa vijana, wamepakwa mafuta kama samaki wa kukaanga. Mwingine alifungua jicho moja, akaona mwanamke mweusi mwenye mtoto mgongoni, akafikiri anauza vitambaa, akatikisa kidole: hapana. Mbombo alipita kati ya miguu yao akisema, "Pardon, pardon," mpaka akaona bulu na nyeupe.

Avoka alilala chali, gazeti usoni, tumbo linapanda na kushuka. Mbombo alipiga magoti kwenye mchanga. Akapiga makofi polepole, viganja vilivyokunjwa, jinsi mtu wa kwetu anavyomwomba mkubwa.

Gazeti likashuka. "Ah! La nonna!" Alifikiri ni salamu, akapiga makofi naye, kwa furaha. Mke wake akakata kipande cha tikiti maji, akampa.

"Passaporto," Mbombo akasema. "Mon mari. Malade." Mume wangu, mgonjwa. Akaweka shavu kwenye kiganja, akafunga macho, kuonyesha mgonjwa.

Avoka alielewa. Uso wake ulisikitika kweli. Hakuwa mtu mbaya. Akaonyesha juu, mjini, akageuza mkono kama anafunga ufunguo. Kumefungwa. "Lunedì," akasema. Jumatatu. "Calma, nonna, calma." Akamwonyesha kivuli cha mwavuli wake, akae, apumzike. Kisha akarudisha gazeti usoni.

Funguo zilikuwa pale, juu ya kiti, ndani ya kiatu chake. Mbombo aliziona. Alikaa amezitazama, tikiti maji likimdondokea mkononi na mchanga ukinywa. Bahari ilikuja ikarudi, ikaja ikarudi, haina kazi nyingine. Alifikiri: nikipiga kelele, wataamka. Akaufunga mdomo wake kwa nguvu. Isidore hajafa. Sitamlilia. Akatoa simu kwenye kifua, akampigia Marlène, ambaye mpaka siku ile aliogopa kumwuliza, kwa sababu Marlène tangu utoto hajui kudanganya.

"Marlène. Unipe kaku yako. Hata anilalamikie bukari."

Nyuma ya Marlène alisikia viti vya plastiki vinashushwa toka kwenye gari, vinagongana. Sauti ya mwanaume: "Vuta bache upande wa muti, kule jua itabachoma bamama!" Na wanawake, mbali kidogo, wanaanza wimbo ule wa chini, wa polepole, ambao Mbombo mwenyewe aliuongoza mara nyingi kwenye nyumba za wengine.

"Marlène, ile bache ni ya nani?"

"Kaku... banasema nisikuambie."

Hapo mdomo ulifunguka wenyewe.

Alilia jinsi wanavyolia kwetu, na jina lake lote, na jina la baba yake, na kazi yake, na kikohozi chake, "Isidore weee, Kabongo wangu, unaniacha ku mayi ya bantu!" Didier alilia mgongoni. Ufuko mzima uliamka. Watu waliketi, watoto walitoka majini, muuza barafu alizima muziki wake. Mama mmoja mzee wa kule, maji bado yanamtiririka, alikuja akakaa kwenye mchanga kando yake, bila kuuliza, akaanza kujipiga kifua polepole.

Na avoka? Avoka alisimama, akajifanyia alama ya msalaba, akanyakua funguo toka kiatuni, na akakimbia. Mwenye tumbo lile, na kaptula ya kuogelea, bila viatu juu ya mawe ya moto. Machozi ya Mbombo yalikuwa hayajakauka shavuni na pasipoti ilikuwa mkononi mwake, ina alama za vidole vya maji. Kumbe ni hapo tu. Kumbe ni mwendo wa kuchemsha yai.

Alirudi. Kutoka Lubumbashi gari lilipita Kapolowe, karibu kufika Likasi, wanawake wakasogeza mabeseni ya nyanya dirishani, na Mbombo hakugeuza kichwa. Nyumbani walikuwa wamemngoja ili wazike. Walizika. Baadaye wanawake walimketisha kwenye godoro sebuleni, akasikia Marlène anakuja kukaa karibu naye sana, kama alivyokuwa akifanya akiwa na homa.

"Kaku, alikungojea."

"Nani?"

"Kaku Isidore. Kila asubuhi anauliza: Mbombo ameshapita Kapolowe? Ninamuambia bado. Anasema, basi usinipe chakula sasa, nitakula na ye. Alikufa asubuhi ya siku ile ulinipigia simu."

Mbombo alimtafuta Georges kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, alikuwa hai? Siku zile zote?"

"Nilikuambia mugonjwa," Georges akasema, na sauti yake ilipasuka. "Alikuwa mugonjwa. Alikuwa analala kweli, dawa inamulalisha. Ningesema namna gani ingine ili munisadiki?"

Nje mtu alikuwa anakusanya masahani.

Simu iliita. Fidélie. Marlène aliiweka kwenye sikio la kaku yake.

"Mama, mulizika muzuri?"

"Muzuri."

"Mama, niambie kintu kimoja. Siku ya kwanza baba mudogo alipiga simu... baba alikuwa alishakufa, si vile? Hatungefanya kintu."

Mbombo aliutazama upindo wa kikwembe chake. Mchanga wa kule ulikuwa bado umejificha kwenye mkunjo, na alipovuta mguu ulimwagika kwenye godoro, mweupe, mkavu.

"Njo vile, mwanangu," akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Alikuwa alishaenda."

Alisikia Fidélie anapumua, pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, halafu analia kilio cha kawaida, cha mtoto aliyefiwa. Mbombo alimngoja amalize. Kisha akamrudishia Marlène simu, akajisogeza ukutani, akavuta mkono wa yule msichana kwenye mapaja yake.

"Rudia tena," akamwambia. "Alisemaka namna gani, habari ya Kapolowe?"