Mbuzi wa Mabaka

Somoe aliwajua mbuzi wa Tandika kuliko alivyowajua majirani. Huyu wa milia, yule wa vipaku vidogo kama punje za mtama, na huyu wake wa mabaka meusi mapana, moja limemzunguka jicho. Alimfuga kwa ajili ya akika ya mjukuu wake, na kila alasiri mnyama alirudi nyumbani mwenyewe. Siku hiyo alichelewa.

Basi Somoe alipomwona kijana anakokota mbuzi mweupe mwenye madoa meusi, hakusogea kutazama.

"Mwizi! Mbuzi wangu jamani!"

Ulimi hauna mfupa, lakini wake siku hiyo ulivunja mifupa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda waliinuka upesi, utadhani walikuwa wanaisubiri kelele hiyo. Tofali la kwanza lilimpata kijana kisogoni. Yakafuata mateke na magongo. Anwar, dereva ambaye Somoe alimlea kama mwanawe, alishusha nondo gotini, na mlio wa mfupa ukasikika hadi duka la ng'ambo.

"Wangu! Nimemnunua Vingunguti!" kijana alilia, damu ikimjaa mdomoni.

Mbuzi akaponyoka, akapita mbele ya Somoe. Ndipo alipomtazama. Vipaku, shingoni mpaka mkiani. Hakuna baka hata moja.

"Muacheni! Si wangu! Wangu ana mabaka, huyu wa vipaku!"

"Madoa ni madoa, shangazi," Anwar alisema, akainua nondo tena.

Somoe akajitupa juu ya kijana. Nondo ikamvunja mkono, na kwa yowe lake wale mashujaa wakatawanyika. Alimwita kijana, akamtikisa, akamwita tena. Damu iliyolowesha kanga yake ilikuwa bado ya moto, ila pumzi ilikuwa imekwishakatika.

Mbuzi wake akatokea kichochoroni, anatafuna ganda la ndizi. Somoe akamchukia kwa kuwa mzima.

Kesho yake, mkono mmoja umefungwa bandeji, alimkokota mbuzi huyo mpaka msibani. Marehemu aliitwa Khalfani. Mjane wake, Munira, alikuwa amepakata kichanga.

"Shikamoo, mama."

Somoe akamnyoshea kamba. "Nimekuletea mbuzi, mwanangu."

Munira alimtazama mnyama, akatikisa kichwa taratibu.

"Si wetu huyu. Wa akika ya mtoto, baba yake aliniambia kwa simu, alikuwa wa vipaku, huyu ana mabaka." Akainua macho yaliyovimba. "Mbona wanajulikana, mama?"