Jina Langu Kwenye Daftari la Msiba

Kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mhunze, kina daftari la msiba. Kila mwanamume ameandikwa humo. Mtu akifa, Magesa, katibu wetu, anasimama kaburini na kusoma majina. Asiyefika bila sababu anapeleka jogoo kwa wafiwa. Akizoea kukosa, anatengwa: hapewi moto, haazimwi jembe, hasalimiwi.

Mimi sikuwahi kutozwa jogoo, lakini kutengwa nakujua vizuri.

Miaka minne iliyopita nilikuwa chini ya duara, shimo la wachimbaji, kule Bugarama, nachimba dhahabu, duara likatitia na jiwe likanikalia kiunoni. Miguu ikafa siku hiyo hiyo. Nilipotoka hospitali nikaletwa hapa kwa kaka yangu, na Magesa, kwa huruma zake, akaandika mbele ya jina langu: amesamehewa. Tangu hapo hakuna aliyepiga hodi kuniambia fulani amefariki. Nasikia vilio ng'ambo ya mashamba ya pamba, nabaki kukisia ni nani. Kutwa nachonga mipini ya majembe. Watu wanaichukulia jikoni kwa Martina, mke wa kaka, kwangu hawafiki. Ziko siku nazungumza na mbuzi.

Mwezi uliopita akafa Mzee Wiliam, aliyenifundisha kuchonga. Nilijua tu pale Martina alipokuwa anajifunga kanga ya pili ili aende.

"Shemeji," nikamwambia, "mwambie Magesa kwamba mimi, Maduhu, sikuja kwa sababu sikutaka."

"Maneno gani hayo? Si alikupenda yule mzee?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Ulikuwa uongo, na uliniuma. Ningeweza kwenda, nina baiskeli ya kunyonga kwa mikono. Lakini kwenda bila kuitwa ni kwenda kutazamwa. Wangenipa nafasi kivulini, wangesema pole, basi, yameisha.

Jioni Magesa akaja na wanaume wawili, wamefura kwa hasira. Hata salamu ya "mwadila" hawakunipa.

"Maduhu, umemtukana marehemu!"

"Basi nitoze."

"Nikutoze nini? Wewe umesamehewa."

"Nilikosa nini hata nikasamehewa?"

Magesa akawageukia wenzake.

"Kaburi halichimbwi mtu akiwa amekaa, bhabha," akasema mmoja wao kwa upole. Upole huo ndio ulionipandisha mori.

"Mipini mliyochimbia leo kachonga nani? Nimechimba mawe miaka kumi na moja. Ukuta wa udongo ukitaka kuanguka, mimi naujua kabla yenu. Na kama hayo hamyataki, nitakaa nilie na wengine. Kulia nako kunahitaji miguu? Nitozeni kama mtu, au nitengeni kama mtu. Hii ya katikati imenichosha!"

Nikalia mbele ya wanaume watatu, na shauri yao.

Magesa akavuta kigoda, akakaa. Kwa miaka minne hakuna mgeni aliyekuwa amekaa pale. Akalifungua daftari, akatoa kalamu, akalifuta lile neno, akaandika: jogoo.

"Kesho asubuhi," akasema. "Na upeleke mwenyewe."

Nikapeleka mwenyewe. Mjane wa Mzee Wiliam akanigombeza mpaka akachoka, halafu tukalia wote.

Wiki iliyopita, alfajiri, sauti ikaita nje ya ua: "Maduhu! Msiba kwa kina Paskalia!" Aliyeita hakusubiri, alikuwa na nyumba nyingine za kupitia. Nikatoka peke yangu. Njia ile ni mchanga mtupu. Gurudumu lilizama mara tatu. Mara tatu nikashuka, nikatambaa, nikalikwamua, nikapanda tena. Hakuna aliyepita. Nilikaa katikati ya njia nikihema, nikatamani kurudi, nikajitukana, nikaendelea kunyonga.

Nilifika viganja vimechubuka, majina yameshasomwa. Magesa akanitazama kutoka juu hadi chini mbele ya kijiji kizima.

"Maduhu, umechelewa! Wenzako wako hapa tangu alfajiri, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Watu wakaguna. Hakuna aliyenitetea, hata Martina.

"Nimekosa," nikasema, nikainamisha kichwa haraka, wasije wakaona jinsi nilivyofurahi.