Kuku wa Goti la Victoire

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Kibumba nyuma, inateremka kuelekea Goma, na kuku alikuwa ndani ya kikapu juu ya mapaja yangu. Mguu wake wa kulia ulifungwa kwa vijiti na kipande cha kitenge. Kwenye kila shimo la barabara alitoa sauti ndogo ya koo, kama mtu anayetaka kuuliza jambo halafu anaacha. Mbele yangu alikaa Mama Nyiramahirwe, amemshika dereva kiunoni, na kila mara aligeuza shingo.

"Muzee Baharanyi, iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

"Usimubane."

"Minamubeba kama yayi."

Asubuhi ile kuku alikuwa hana kasoro. Sisi wenyewe tulimpeleka kwa Habarurema, fundi wa kuunga mifupa, na Habarurema akamvunja mguu mbele yetu kwa vidole vyake, polepole, kama anayevunja muhogo mkavu. Ndivyo anavyofanya kazi yake. Mtu akiumia mguu, anamvunja kuku mguu wa upande uleule, anamfunga, anampaka dawa ileile ya mgonjwa. Kuku anakaa karibu na kitanda. Siku kuku akitembea sawasawa, mgonjwa naye anasimama.

"Hii hailiwi," Habarurema alituambia, anafuta mikono kwenye suruali. "Haiuzwi, haipewi mutu. Atakufa na uzee wake."

Nimezunguka Uvira, Kindu, Kisangani na vijiji ambavyo nimesahau majina yao, na mambo ya namna ile nimeyaona mara nyingi. Sikucheka.

Mgonjwa alikuwa Victoire, binti wa Mama Nyiramahirwe, mchezaji wa mbele wa kundi letu. Mimi ni mpiga ngoma. Nilikuwa nimepanga chumba ndani ya lupango lao, ua wenye vyumba kadhaa, kule Birere, mjini Goma, na nilipiga ngoma mahali popote walipotuita, arusi, mahari, ubatizo. Watu walikuwa wanatuita kwa ajili ya Victoire. Mwisho wa mchezo alikuwa anaruka juu, anakaa huko kuliko inavyowezekana, halafu anashuka bila kishindo. Siku aliyoumia ilikuwa arusi mtaani Himbi, ukumbi wa vigae, na mtu alikuwa amemwaga bia. Alishuka, goti likageuka ndani, mwili ukaendelea mbele. Nilisikia mlio kabla ya kumwona anaanguka. Bibi arusi aliendelea kupiga makofi. Alifikiri ni sehemu ya mchezo.

Docteur Barthélemy ndiye aliyempasua. Alituelezea vizuri, hata mimi niliyesoma kwa vipande nilielewa. Ule mshipa unaozuia goti lisiteleze ulikuwa umekatika, na ukikatika vile haujiungi wenyewe. Alitoboa matundu madogo, akachukua uzi wa nyama ngumu nyuma ya paja lake Victoire mwenyewe, akaupitisha ndani ya mfupa ushike mahali pa ule uliokufa.

"Sasa ni kama muche uliopandwa jana," alisema. "Umesimama, lakini mizizi bado. Asiruke mpaka nimuambie, na itakuwa miezi mingi. Lakini akanyage. Akunje goti kila siku. Goti ikikaa bure inakauka, na ikikauka hatacheza tena."

Mama Nyiramahirwe aliitikia yote, ndiyo docteur, aksanti docteur. Juma lile lile akaniomba nimsindikize Kibumba. Hakumdharau daktari hata kidogo. Alisema tu kwamba daktari amefunga ndani, na lazima mtu afunge na huko nje.

Basi kuku akaishi chumbani mwa Victoire, amefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Victoire kwanza alimcheka. "Huyu ni mugonjwa kuliko miye," alisema, "halafu hana hata aibu, anajisaidia mbele ya wageni." Lakini asubuhi kabla ya kusalimia mtu alikuwa anainama kumtazama. Aliporudi kutoka hospitali kwa Charline, kine wake, yule anayewafundisha wagonjwa kutumia viungo tena, alimsimulia kuku mazoezi yote kama anamfundisha. Siku kuku alipoweka kucha chini, Victoire naye akaweka unyayo chini. Vijiti vikatolewa. Kuku akaanza kutoka nje, kwenye kokoto nyeusi za lupango. Mguu mzima ulisema ta. Ule mwingine ulikwaruza, kwaa. Ta, kwaa. Ta, kwaa. Mimi masikio yangu ni ya ngoma, kitu chochote kinachorudia naanza kukihesabu bila kutaka.

Halafu akaja Marcelline. Kaka yake Victoire, Guylain, alikuwa ameoa Butembo, na mke akateremka kuishi nasi. Mwanamke wa kazi, mkarimu, mpishi kweli. Habari za kuku hakuna aliyempa. Jambo la namna ile halitangazwi, na kila mmoja wetu alidhani mwingine ameshamwambia.

Charline akaja nyumbani siku moja, mara yake ya kwanza. Alitaka kuona ngazi, choo, mahali ambapo Victoire angeweza kuteleza. Mama Nyiramahirwe alikuwa sokoni. Mgeni wa heshima, tena wa hospitali, Marcelline angempa sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama? Akatoka kukamata kuku. Kuku wengine wa nyumbani walirukia ukuta wa mawe. Yule wa Victoire hakuweza.

Tulikula sebuleni. Mimi nilipewa firigisi, kwa kuwa ni muzee. Charline akapewa kifua. Victoire akapewa paja, apate nguvu.

"Mama Marcelline," Charline alisema, "ukipika hivi, nitahamia hapa na kitanda yangu."

"Karibu. Utalala na muzee Baharanyi, anakoroma kama kamyo ya mizigo."

"Anakoroma na mesire, mapigo sawasawa," Victoire alisema. "Hata usingizini anatupigia ngoma."

Tulikuwa tunacheka. Halafu Victoire akaacha kutafuna. Alitoa mfupa mdomoni akauweka kwenye kiganja. Katikati palikuwa na nundu, kama fundo la mwanzi.

"Muzee," alisema, "hii ni nini?"

Nilikuwa na firigisi mdomoni. Niliimeza, maana hapakuwa na namna nyingine.

"Ni mufupa ya kuku, wifi," Marcelline akajibu. "Uliona nini?"

Sisi tulitazama chumbani kwa Victoire. Kupitia mlango wazi kamba ilionekana kwenye mguu wa kitanda, mwisho wake umelala chini. Marcelline akafuata macho yetu, akaiona, na uso wake ukaanza kuelewa kabla yake.

Mama Nyiramahirwe aliporudi alitua beseni lake mlangoni. Alitazama manyoya, alitazama kamba.

"Muliikula."

Niliitikia kwa kichwa.

"Victoire mwenyewe alikula mguu?"

Marcelline alipiga magoti. Mama akamshika mkono. "Simama. Hukujua." Kisha akaingia kwa Victoire, akafunga mlango.

Tangu pale Victoire hakukanyaga tena. Alirudia magongo yake. Charline alimpima, Docteur Barthélemy akalikamata goti kwa mikono miwili akalivuta mbele na nyuma. "Goti hii ni nzuri kuliko yangu," alisema. Victoire aliitikia kwa kichwa, akachukua magongo. Paja lilianza kwisha. Goti likaanza kukataa kunyooka, na Charline akatuambia wazi kwamba likikatalia vile, arusi zimekwisha.

Na saa sita za mchana, wakati joto linapanda kutoka kwenye mawe na kila mtu yuko kazini, nilisikia nyuma ya chumba changu. Ta. Kwaa.

Nilitoka. Hapakuwa na kitu, ni mawe na nguo za Marcelline kwenye kamba. Nikarudi kukaza ngozi ya ngoma yangu. Ta. Kwaa. Ilipita chini ya dirisha, ikazunguka kona, ikaenda upande wa chumba cha Victoire, na hapo ikasimama.

"Muzee," Victoire aliita kutoka ndani. "Na weye unaisikia?"

"Ni zile kuku zingine zinaparura."

"Zile zingine zinatembea muzuri."

Nilikaza tena ngozi ya ngoma.

Mama Nyiramahirwe akapanda tena Kibumba, akarudi na Habarurema mwenyewe. Victoire alikuwa anauhifadhi mfupa chini ya mto. Habarurema aliubeba mpaka mlangoni, kwenye mwanga, akaupapasa kwa ukucha.

"Ilikuwa imeshaunga," alisema. "Ilibaki kidogo tu."

"Na sasa?" Mama akauliza.

"Mama, miye sijaona mutu mwenye kula ya kwake."

Alikataa chai. Alikataa hata kukaa. Afadhali angetuambia neno baya. Mtu anayejua kazi yake alipotoka vile bila kugeuka nyuma, nyumba nzima iliogopa.

Charline alikuja siku iliyofuata, na Victoire akamwambia yote, Kibumba, kuku, mfupa, na ile ya saa sita. Nilikuwa kwenye kizingiti. Nilitegemea Charline atamsomea somo la hospitali. Alikaa kitandani.

"Na miye nilikula kifua," alisema.

Victoire alimtazama.

"Inatembea aje?" Charline akauliza.

"Nani?"

"Ile kuku. Unasema unaisikia. Inatembea aje?"

Victoire alionyesha kwa vidole viwili juu ya godoro.

"Sioni. Miye nilikulia Himbi, kuku naijuaka ndani ya sahani. Onyesha na mwili."

"Charline, unanicheka."

"Sikucheki. Onyesha."

Victoire alikasirika. Akasukuma magongo yakaanguka, akasimama. Mguu mzima mbele: ta. Halafu ule mwingine ukafuata, unyayo mzima chini, unakwaruza sementi: kwaa. Bega limeshuka. Shingo imetangulia. Charline alitembea kinyumenyume mbele yake, mikono wazi, bila kumgusa.

"Muzee," akaniambia kwa sauti ndogo, "usikae bure."

Nilichukua ngoma. Nilipiga ile niliyokuwa nimeisikia, sikuwa na nyingine kichwani. Victoire alitoka nje, akafika kwenye lango, akageuka, akarudi. Mama Nyiramahirwe alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Tulikuwa tunaomba akanyage, na alikuwa anakanyaga, lakini haikuwa kitu cha kufurahisha macho. Alitutazama kwa upande, kwa jicho moja, kama mtu asiyetujua. Alipofika kitandani alikaa, mguu ukatetemeka, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Yaliyobaki ni kazi ya Charline. Alimrudisha kukunja, kuchuchumaa, kupanda ngazi, mwisho kuruka. Paja likajaa. Docteur Barthélemy akamwachia acheze. Kitu kimoja tu kilikataa. Akiruka, miguu yote miwili ilikuwa sawa. Akitembea, ule wa kulia ulikwaruza. Charline aliweka kioo, alichora mistari sakafuni, alimhesabia. Mwendo ulinyooka mbele yake, halafu kwenye mlango ukarudi. Daktari alipiga picha za ndani ya goti, akaziweka kwenye mwanga.

"Kazi yangu haina kosa," alisema. "Huu mwendo sijui unatoka wapi."

Charline alitazama dirishani.

Arusi ya kwanza baada ya pale ilikuwa Himbi tena. Victoire aliruka, akakaa juu kama zamani, akashuka bila kishindo. Watu wakapiga kelele ya furaha. Halafu akaanza kurudi nyuma kwenye mstari, bega chini. Ta, kwaa. Wasichana wa nyuma, ambao kazi yao ni kumfuata yeye, wakamfuata. Ta, kwaa, miguu yote ya kundi kwenye vigae, kwa pamoja. Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Walifikiri ni sehemu ya mchezo. Mikono yangu ilikuwa inapiga ileile, na siyo mimi niliyeiamuru.

Victoire bado anacheza. Mchezo ule ndio wanauomba sana siku hizi, na wasichana wadogo wa Birere wanauiga njiani. Mfupa uko ndani ya mfuko wake wa nguo za ngoma. Mama Nyiramahirwe hafugi tena kuku. Marcelline amezaa mtoto wa kike, mzima, na anapika samaki. Guylain anafanya biashara ya maharagwe, hakuuliza kitu. Charline alihamia hospitali nyingine, Bukavu. Docteur Barthélemy anaendelea kupasua magoti, na wagonjwa wake wengi wanatembea vizuri. Habarurema alikufa kipindi cha mvua. Mwanawe ameshika kazi. Mimi niliondoka Goma. Niko Kalemie, napiga ngoma kanisani, na saa sita za mchana ninafunga mlango.