Zimwi Lililomeza Mvua na Lori la Saa Nne

Lori jipya la kiwanda lilipangiwa kuanza kazi Jumatatu. Jumatatu! Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, karani Mathew akiwa amesimama juu ya kreti na kututangazia kwamba siku za kusubiri hadi saa nane chai ikinyauka zimekwisha, kwamba kuanzia Jumatatu lori litafika saa nne na nusu bila kukosa. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana nina chai shambani na sina wazimu, lakini moyoni nilinuna.

Nilinuna kwa sababu ya zimwi.

Kituo chetu cha chai, hapa juu ya Nyamira, kina meza ndefu ya kuchambulia majani. Kwa mwaka mmoja na miezi minne, kila tulipokuwa tukisubiri lori, sisi wanne tuliteka pembe moja ya meza hiyo na kucheza mchezo wa hadithi. Kwa asiyeujua, mmoja husimulia, na huyo ndiye mimi, Bonareri. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na yeye ndiye anayeamua mtu huyo atafanya nini. Nikisema mbele yenu kuna mto wenye mamba, sijui kama watavuka, watarudi nyuma, au watampikia mamba ugali. Mwenzetu Ombati alimpikia. Jambo likiwa gumu, tunarusha dadu lenye nyuso ishirini, na namba ndiyo inayoamua. Mchezo nilifundishwa na ndugu yangu Gibson alipokuja likizo, na alipoondoka na dadu lake nikamwomba fundi mmoja wa Tabaka anichongee langu kwa lile jiwe laini la vinyago. Ni la waridi, zito, na linapendeza kuliko la Gibson.

Sasa, mbona kwenye meza ya chai? Kwa sababu niliwahi kukosa, na kosa lenyewe naliona aibu mpaka leo. Zamani nilikuwa nikienda mjini Masimba kucheza na marafiki wa Gibson. Jumatano moja hadithi ilinoga, nikajisahau. Binti yangu Sheila, akiwa darasa la kwanza, alinisubiri kwenye lango la shule huku mvua ikimnyeshea hadi bibi yake alipokwenda kumchukua. Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa akimkausha nywele kwa kanga. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Mama Sheila, hiyo kitu yako inakula saa za mtoto."

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku hiyo niliapa kwamba mchezo hautakula tena saa ya mtu yeyote, si ya mtoto, si ya mume, si ya shamba wala ya kanisa. Ilibaki saa moja tu isiyo na mwenyewe, nayo ni ile ya kusubiri lori. Humo ndimo tuliishi. Lori likifika, dadu linarudi mfukoni hata kama mtu ananing'inia kwenye mwamba. Sikuwahi kuivunja sheria hiyo, na mama mkwe alikuwa akiniangalia.

Basi mnaelewa hesabu yangu. Lori likianza kufika kwa wakati, kusubiri kunakufa, na mchezo unakufa nako. Tulikuwa tumebakiza Ijumaa moja. Tukakubaliana kwamba Ijumaa hiyo zimwi la hadithi yetu lazima life.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilipata usingizi kwa shida. Saa kumi na mbili nilikuwa kwenye chai, vidole vinaruka vyenyewe, na kufikia saa tatu na nusu nilikuwa kituoni na kikapu kimejaa. Wenzangu walishafika. Ombati, mkulima mwenye mabega ya kubebea mlango, mtu wake ni shujaa anayeitwa Jiwe. Margret, anayeuza samaki wa omena hapo kando ya kituo, aliyeolewa huku kutoka upande wa ziwa, ndiye mganga wetu. Na Nyamoita, aliyemaliza shule juzi na anayechuma chai ya nyanya yake, ni mwizi anayeitwa Kivuli.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kwenye foleni kama kawaida yake, ametupa mgongo. Jina lake Nyanchoka, naye ni shemasi wa Kisabato kwa miaka ishirini na miwili. Kwake dadu ni kamari, awe amelichonga nani. Na chai yake! Majani mawili na chipukizi, jinsi kiwanda kinavyotaka, siku zote. Sisi wengine karani huturudisha mezani tukachambue upya. Yeye hajawahi kurudishwa hata siku moja, na kila mtu anajua, kwa sababu yeye mwenyewe hutukumbusha.

"Haya," nikasema, nikisugua mikono. "Zimwi limeshameza mvua ya vilima saba. Linalala, tumbo limejaa radi. Mnafanya nini?"

"Naingia mdomoni," akasema Nyamoita.

"Unafanya nini?"

"Mama Sheila, manze, naingia mdomoni! Mvua iko tumboni, ama haiko? Nashuka na kisu, napasua kale kamfuko ka mvua kwa ndani."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Hapo ndipo napenda mchezo huu mpaka mwili unasisimka! Ombati alisimama wima, akainua mikono kama mtu anayeshikilia paa. "Mimi nimeshika taya. Halifungi, nakuambia. Halifungi!"

"Na mimi nimeshika kamba," akasema Margret. "Kamba iko kiunoni mwa huyu msichana. Yawa, mtoto wa watu asipotee huko!"

Jiwe akashikilia taya, namba kumi na sita, tukapiga kelele. Kamba ikashika, namba kumi na moja, tukapumua. Nyamoita akateleza kooni, akapita mbavu, akaufikia mfuko wa mvua unaopwita gizani. Nikamwambia anahitaji kumi na nane au zaidi. Akachukua dadu, akalipuliza.

Honi ikalia.

Lilikuwa lori jipya, jeupe, linang'aa. Mathew aliruka chini akicheka kama bwana harusi. "Tumeamua tuanze leo! Kungoja Jumatatu ya nini? Haya, foleni, foleni!"

Nilitazama saa. Saa nne na nusu kamili. Ningelipiga teke lile lori.

"Rudisha dadu, Nyamoita," nikasema.

"Lakini niko ndani ya tumbo!"

"Sheria ni sheria."

"Utaniacha humo? Milele?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na yangu pia, nasema ukweli. Ombati alishusha mikono polepole, kwa uchungu, kana kwamba taya zilikuwa zinafunga kweli. Mwaka mmoja na miezi minne, halafu iishe hivi. Nilikunjua mkono kupokea dadu.

Mathew alikuwa ameshaweka mizani. Akanyoosha mkono kupokea kikapu cha mama mkwe bila hata kukitazama. Mama mkwe akakivuta nyuma.

"Ngoja. Chai yangu ni mbaya leo."

Kituo kizima kiligeuka kumtazama. Nadhani hata lori lilitamani kugeuka.

"Mama," Mathew akasema, "yako? Hata mimi huwa siangalii."

"Basi uanze kuangalia. Iko na majani magumu. Nikupe kitu kibaya upeleke kiwandani? Yaya, hapana." Akakigeuza kikapu chote juu ya meza, lundo la kijani likafika karibu na viwiko vyetu, akaanza kuchambua. Jani moja. Akaligeuza. Akaliweka chini. Jani lingine.

Mathew akageukia mwanamke aliyefuata. Mwanamke yule alimtazama mama mkwe, akatutazama sisi, akasema, "Hata yangu si nzuri sana," akamwaga. Wa tatu akamwaga. Wa nne hakungoja hata kuulizwa.

"Mnanichezea!" Mathew akasema.

"Tunachambua," akajibu mama mkwe.

"Robo saa! Robo saa tu, halafu napima hata kama ni kuni!"

Mama mkwe hakugeuka. Alizungumza na majani yake. "Mama Sheila. Lori limefika, lakini chai haijapimwa. Si bado mnasubiri?" Akachukua jani lingine. "Na huyo mtoto yuko huko tumboni, hana hewa."

Mwaka mmoja na miezi minne ametupa mgongo, kumbe masikio yalikuwa kwetu! Nikaufumba mkono niliokuwa nimeukunjua, nikamwachia Nyamoita dadu.

"Kivuli!" nikapaza sauti, na sasa nilikuwa nikisimulia kwa kituo kizima. "Zimwi limeamka. Limesikia kisu. Taya zinafunga!"

"Hazifungi!" akanguruma Ombati, mikono juu.

"Vuta kamba, Margret!" akasema mwanamke mmoja kwenye foleni.

"Rusha!" nikamwambia Nyamoita. "Rusha sasa!"

Alirusha kwa nguvu kupita kiasi. Dadu liligonga meza, likaruka, likatumbukia katikati ya lundo la chai ya mama mkwe na kuzama.

Hakuna aliyethubutu kuligusa lundo lile. Mama mkwe alituliza mikono. Shemasi wa miaka ishirini na miwili, ambaye hajawahi kugusa dadu, alifungua majani taratibu kwa vidole viwili, akainamisha kichwa, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akalifumbata kiganjani.

"Kumi na tisa," akasema.

Sijui nieleze vipi kelele zilizofuata. Ombati alimbeba Nyamoita juu juu. Margret alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nilisimulia mfuko ukipasuka, Kivuli akitoka kwa kamba akiwa amelowa chapachapa, na mvua ikirudi kwenye vilima saba, kimoja kimoja, nikivitaja kwa majina, na Mathew alikuwa amesimama na kalamu mdomoni akisikiliza. Kisha akapima chai yetu yote, na hakurudisha kikapu hata kimoja.

Njiani kurudi nyumbani mama mkwe alitangulia, kikapu kitupu mgongoni. Tulipofika kwenye migomba yetu akasimama.

"Jumapili mchana Sheila huwa anacheza kwangu," akasema. "Na meza yangu ni kubwa. Mnaweza kukaa hapo kwa muda wa saa mbili, mtoto akiwa mahali unamwona. Saa mbili tu."

Akanipa dadu. Lilikuwa na joto la kiganja chake. Nikaligeuza, nikatazama zile namba ishirini, nikashindwa kujizuia.

"Mama, kweli ilikuwa kumi na tisa?"

Akaweka kikapu chake vizuri mgongoni.

"Na wewe niambie," akasema, "kweli chai yangu ilikuwa mbaya?"