Mguu wa Nne wa Kitanda cha Mama

Vipande viwili vya mbao ya mninga vilikuwa vimeshapasuka kwenye mashine ya kukereza, kikabaki kimoja. Mama yake mkereza alikuwa anatoka hospitali kesho yake, na kitanda alichokilalia tangu aolewe kilikuwa kimebaki na miguu mitatu. Alikwisha sema hatalala kwingine.

Tatizo lilikuwa moja. Kila patasi ilipougusa mti unaozunguka, kichwa cha nyuma cha mashine, kile kinachoushikilia mti kwa upande wa pili, kilirudi nyuma kidogo kidogo juu ya reli zake. Mti ukalegea, ukaruka, ukapasuka. Mkereza akakaza nati. Kikateleza. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kikateleza tena. Aliomba kimoyomoyo, kisha akaona haya, maana sala yenyewe ilijaa hasira.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuchomelea, alikuwa amesimama mlangoni.

"Hicho kichwa kinakukimbia kama mbuzi aliyeona kisu," akasema.

"Shemeji, leo sina meno ya kucheka."

"Basi nijibu bila kucheka. Juu umekaza tangu asubuhi. Chini umeangalia lini?"

Miaka sita mkereza alikuwa na mashine ile, hajawahi kuchungulia chini yake. Wakalala chali juu ya maranda na kurunzi yao. Bamba la chuma linalovutwa na bolti ili lizibane reli kwa chini lilikuwa limepinda kama kijiko, tena limekaa mshazari, likigusa kwa pembe mbili tu. Bomba ndilo lililolipinda: kadiri alivyokaza, ndivyo alivyoharibu. Alijilaumu mpaka shemeji akamwambia lawama haikazi nati.

Shemeji akakata bamba nene zaidi, akalichomelea kipande cha chuma katikati, kikaingia baina ya reli mbili ili lisizunguke. Mkereza akasugua chini ya reli kwa tupa, akafuta grisi iliyoganda. Alitaka kuanza na mninga papo hapo. Shemeji akamlazimisha ajaribu kuni kwanza. Kichwa kikatulia, kwa spana tupu, bila bomba.

Ndipo akafunga mninga. Kichwa hakikusogea, lakini mkereza aliisukuma patasi kwa pupa, ikala zaidi ya alivyokusudia.

Kesho yake mama aliketi kitandani, akajitikisa. Kitanda kimya. Akaupapasa mguu mpya.

"Mbona huu umekonda?"

"Mawazo, mama. Kama mimi."

Mama akajilaza.