Oili Isiyoacha Tone

Kwa mara ya nne katika wiki tatu, Binti Spana alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi ya pikapu ya baba yake na kukuta oili imepungua. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ilikuwa palepale, chini ya alama.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya gia otomatiki, kuukuu kiasi kwamba mlango wa abiria ulifunguka kwa kubembelezwa. Baba yake, dereva mstaafu, ndiye aliyeiendesha kumpeleka mama kliniki kusafishwa kidonda cha mguu. Sasa kwenye mlima ilikuwa inateleza: injini inapiga kelele, gari halisogei, na mara moja lilirudi nyuma nusura ligonge lori. Kaka mkubwa wa Binti Spana alikuja juu.

"Mnyang'anyeni mzee ufunguo. Kichwa kimeshachoka."

"Kichwa cha baba kizima," Binti Spana alimjibu. "Tatizo ni gari. Nitakuonyesha, na utamwomba radhi."

Basi akawa amejifunga mwenyewe. Alibadilisha sili za giaboksi, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje, za mbele na za nyuma. Alililaza gari gereji siku mbili, maboksi yametandikwa chini yake, yakabaki makavu. Alifungua redieta, maana oili huweza kuvujia humo, akakuta maji hayana hata doa jekundu la oili hiyo. Mafundi wenzake hawakumwacha salama.

"Hilo gari linakunywa," alisema fundi umeme. "Lipeleke likaombewe."

Alicheka nao, lakini alikuwa amechanganyikiwa hasa. Oili ya giaboksi haiungui kama ya injini. Kama haivuji nje wala haivuji ndani, inakwenda wapi? Anajaza, anampa baba gari, linarudi oili imepungua. Alifika mahali pa kuitilia shaka mikono yake mwenyewe.

Jumapili, mswaki mdomoni, ndipo lilipomjia: zile siku mbili za gereji oili haikupungua hata kidogo. Ilikuwa inapungulia nyumbani kwa wazazi. Alitema povu, akavaa viatu, akaenda.

Alikuta miguu ya baba imechomoza chini ya pikapu, mgongo juu ya gunia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nipe hicho kitambaa. Afadhali umekuja ujionee. Huko gereji kwenu kuna mtu anazidisha oili ya giaboksi. Kila gari likitoka huko, asubuhi nikipima imepita alama, nami napunguza."

Kando ya ukuta zilisimama chupa nne za oili nyekundu aliyoipunguza, bado safi kabisa, vifuniko vimekazwa vizuri. Kwa dakika moja Binti Spana alifurahi kama mtoto: hakuwa amerogwa, wala mikono yake haikuwa na kosa.

"Unapima vipi, baba?"

"Kama watu wote. Injini imezimwa, imepoa."

Furaha ikamkauka. Hivyo ndivyo inavyopimwa oili ya injini. Ya giaboksi, injini ikizimwa, hushuka yote chini, na kijiti huonyesha imejaa kupita kiasi. Alilijua hilo tangu ana miaka kumi na miwili, na aliyemfundisha alikuwa amelala pale chini ya gari.

"Ya giaboksi tunapima injini ikinguruma, baba. Iwe moto, na uwe umeshapitisha gia zote."

Mzee alitoka polepole, akaketi juu ya gunia.

"Nani kakwambia?"

Angeweza kumtaja fundi yeyote.

"Wewe, baba."

Baba alizitazama zile chupa, moja baada ya nyingine, akarudia tena kuanzia ya kwanza. Midomo ilimcheza kama anayetafuta jina la mtu. Ndani mama aliita kwamba chai iko tayari. Binti Spana alitamani ungekuwa uvujaji, hata ule mbaya wa kushusha giaboksi nzima, huo angeuziba.

Mzee aliingiza mkono mfukoni.

"Kesho mama yako ana kliniki. Utampeleka wewe." Alimwekea ufunguo kiganjani, akamkunja vidole juu yake. "Kaka yako mwambie ni gari."