Kitambaa Cheusi Mgungani

Freija aliposhuka mlimani na mbuzi wake, baridi ikimfukuza kwa nyuma, alikuta mti wake wa mgunga uko mtupu. Hema lake la singa za mbuzi, alilolifuma mwenyewe, alikuwa amelitundika pale tangu joto lianze. Sinai nzima kitu kilichotundikwa mtini hakiguswi, hata na mwizi. Mwizi naye ana adabu zake.

Hakutafuta mbali. Lilikuwa kwenye korongo la mawe ya rangi, limetandikwa chini, wageni wa Kairo wamelikalia na viatu vyao. Katikati kasimama Sweilem, mtoto wa kaka yake, mwelekezi wa wageni, kilemba kipya, mdomo unakwenda kama cherehani.

"Mlima ule ndipo Firauni alipozika dhahabu yake!"

Firauni gani? Mlimani kule ndiko wanakozalia mbuzi wa Freija, na dhahabu yake ni mavi yao.

"Sweilem. Hema langu."

"Eh, shangazi! Karibu chai. Si lilikaa bure tu mtini? Hapa linapigwa picha, limepata heshima."

"Na mimi baridi hii nikalale ndani ya picha?"

"Ngoja msimu wa wageni uishe."

"Ukiisha, na baridi imeisha."

Akacheka, akawageukia wageni. "Huyu ndiye bibi wa jangwani!" Wakampiga picha na yeye.

Freija akageuka. Akarudi mgungani, akachana upindo wa shela yake nyeusi, akaufunga kwenye tawi la juu, kando ya njia ya ngamia.

Wenye ngamia waliokuja kuwachukua wageni wakasimama.

"Nani katundikiwa aibu?"

"Sweilem. Kachukua kitu cha mtini."

Wakafunga ngamia wao palepale. Kwa Sweilem hakwenda hata mmoja.

Jioni mwelekezi bingwa akaja anatweta, hema begani, wageni nyuma yake kwa miguu, nyuso zimewavimba kwa hasira.

"Shangazi, kishushe kitambaa. Watu wananiona."

"Simamisha hema kwanza."

Akalisimamisha, jasho linamtoka.

"Hicho kitambaa ni cha nini?" akauliza mama mmoja wa Kairo.

"Ni... pambo la kienyeji."

"Waeleze sawasawa," alisema Freija, "ama kibaki mpaka kioze. Wewe si mwelekezi?"

Aliyekuwa na hadithi ya kila jiwe sasa akabaki na hii moja ya wizi wake. Akaeleza, macho kwenye vidole vya miguu. Kila alipotaka kuruka mahali, mwenye ngamia mmoja alimrudisha.